Uvumilivu Hauunganishi Mshono: Majibu kwa Madai Manane ya Wodini

Mgonjwa anapotolewa chumba cha upasuaji mjini Sumbawanga, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa au hospitali ya kanisa yenye jina la Dk. Atiman, hupokewa na makundi mawili ya washauri. La kwanza ni wauguzi na madaktari, wenye wagonjwa wengi na dakika chache. La pili ni mama mzazi, mama mkwe, shangazi, wifi, na jirani wa kitanda cha pili. Hao wana muda, wana upendo, na wana madai. Madai hayo husafiri na mgonjwa mpaka Namanyere, Matai, Laela na Mtowisa, na mara nyingi ndiyo yanayofuatwa kuliko karatasi ya hospitali.

Baadhi yana chembe ya ukweli, na nitaitaja pale ilipo. Ila mengi yamesimama juu ya kosa moja: kuyaona maumivu kama ada ambayo mgonjwa lazima ailipe ndipo apone. Sivyo. Maumivu yakiachwa humzuia mgonjwa kufanya yale yanayomponya: kuvuta pumzi ndefu, kukohoa, kutembea, kula, kulala, kunyonyesha. Kuyatuliza ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Dai la 1: "Ukiona panauma, ujue panapona. Vumilia."

Kidonda huponywa na damu inayofika vizuri, chakula, usafi na muda. Maumivu hayamo katika orodha hiyo. Ni kweli kwamba mshono utauma kiasi hata mambo yakienda sawa, lakini kuuma huko hakuharakishi chochote.

Tazama yanayompata aliyepasuliwa tumbo akaachwa na maumivu makali. Anapumua juu juu kwa kuogopa mshono, hakohoi, makohozi yanabaki kifuani, na nimonia inapata mlango. Hageuki wala hanyanyuki, damu inatuama kwenye mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Bonge likisafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Na hasara haiishii wodini. Mwaka 2006 Henrik Kehlet na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba baada ya upasuaji wa kawaida, kama wa ngiri, wa titi au wa kukatwa kiungo, kati ya asilimia 10 na 50 ya wagonjwa hubaki na maumivu ya muda mrefu. Moja ya dalili za kutangulia ni maumivu makali ya siku za mwanzo.

Wanaosema wazee wetu walivumilia tu wanawasingizia wazee. Ufipa ilikuwa na waganga wake wa mitishamba kabla ya hospitali yoyote. Kisha akaja Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta, akafika Karema pwani ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuna aliyeshika njia kwenda kwa mganga au kwa Atiman ili akaambiwe avumilie.

Tatizo jingine ni adabu yetu. Daktari akiuliza, "Unaendeleaje?" mgonjwa hujibu "Naendelea vizuri", kama anavyojibu salamu njiani. Itikia salamu, kisha toa hesabu. Kuanzia sifuri, yaani hakuna maumivu, hadi kumi, yaani mabaya kuliko yote, sema ni ngapi ukiwa umelala na ni ngapi ukikohoa. Hesabu ya pili ndiyo yenye maana zaidi, kwa kuwa asiyeweza kukohoa bado hajatulizwa.

Dai la 2: "Morfini ni ya wanaokufa, na ukiionja umekuwa teja."

Hofu hii haikuzuka hewani. Heroini, ambayo ni ndugu wa morfini, imeharibu vijana wengi Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya ni kali. Ila dawa haihukumiwi kwa jina la ndugu yake. Morfini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Taasisi ya Saratani Ocean Road inaitumia kwa wagonjwa wa saratani, na hapo ndipo watu wengi walipoijulia. Ndiyo maana wakaiunganisha na kifo. Kwa aliyepasuliwa, ni dawa ya siku chache, kwa kipimo kinachopunguzwa kadiri maumivu yanavyoshuka. Uwezekano wa kuzoea dawa kwa matumizi hayo mafupi, yanayosimamiwa, ni mdogo.

Majirani zetu Uganda waliliona hilo mapema. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na matabibu waliofundishwa kuandika morfini. Upande wetu wa dunia haujawahi kuzidiwa na morfini. Umezidiwa na ukosefu wake. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya karibu tani 299 za dawa za jamii ya morfini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1.

Tahadhari zipo, na lazima zisemwe. Dawa hizi huleta usingizi, kichefuchefu, kuwashwa na choo kigumu. Hatari kubwa ni kupumua polepole mno. Ndugu akiona mgonjwa haamki anapoitwa, au anakoroma kwa pumzi chache, amwite muuguzi papo hapo. Dawa ya kuitengua, naloksoni, ipo katika tiba. Pombe, ya dukani au ya kienyeji, haichanganywi na morfini, pethidini wala tramadoli. Na tramadoli iliyobaki haigawiwi kwa mjomba mwenye mgongo.

Dai la 3: "Vidonge ni vya kichwa. Subiri izidi, ndipo upigwe sindano."

Sindano ina kazi yake: mgonjwa anapotapika, asipoweza kumeza, au maumivu yanapotakiwa kushushwa haraka. Lakini nguvu ya sindano ya pethidini hukaa saa chache tu. Anayepigwa moja asubuhi na nyingine usiku hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa hana dawa mwilini, kisha tunasema dawa haikumsaidia.

Njia inayofanya kazi ni dawa kwa saa, si dawa kwa kilio. Kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli gramu moja kila baada ya saa sita, bila kuzidi gramu nne kwa siku, ni msingi imara kuliko watu wanavyodhani. Saa zetu zinarahisisha kukumbuka: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Tega simu. Ikiongezwa ibuprofeni au diklofenaki kwa mtu anayeruhusiwa, mahitaji ya dawa kali hupungua. Asiyeruhusiwa ni kama mwenye vidonda vya tumbo, figo dhaifu, pumu inayoamshwa na dawa hizo, au anayeendelea kutoka damu nyingi. Mama anayenyonyesha anaweza kutumia parasetamoli na ibuprofeni.

Mtego uko dukani. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuupokea, kwa hiyo vijiji vingi havikosi dawa za maumivu. Lakini kipo kidonge chenye diklofenaki na parasetamoli pamoja. Aliyepewa parasetamoli hospitali, akaongeza kidonge hicho dukani, amemeza dawa ileile mara mbili bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Nenda dukani na karatasi ya hospitali, uulize ndani ya kidonge kuna nini.

Dai la 4: "Sindano ya mgongo itakuachia mgongo mbovu maisha yako yote."

Hili linawafanya akina mama wengine waombe nusu kaputi wanapofanyiwa upasuaji wa kujifungua. Nusu kaputi kwa mjamzito ina hatari zake kubwa: njia yake ya hewa ni ngumu zaidi kushikwa, na chakula cha tumboni huweza kuingia mapafuni. Ndiyo maana wataalamu hupendelea ganzi ya mgongo inapowezekana.

Pale sindano ilipopita panaweza kuuma siku kadhaa. Maumivu ya mgongo yanayodumu miezi na miaka huwapata hata waliojifungua kwa njia ya kawaida bila sindano yoyote. Mimba yenyewe huvuta mgongo. Kisha huja kunyonyesha kwa kuinama, mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Sindano inapata lawama kwa sababu ndiyo inayokumbukwa.

Tatizo halisi la sindano hiyo ni jingine: maumivu ya kichwa yanayozidi ukikaa au kusimama na kupungua ukilala, ambayo kwa kawaida huanza ndani ya siku tano. Hayampati kila mtu, na yana matibabu. Yakikupata, usiende kuchanjwa paji la uso. Rudi hospitali useme ulichomwa sindano ya mgongo lini.

Dai la 5: "Lala kimya nyuzi zisifumuke, wala usinywe chochote mpaka utoe upepo."

Haya ni madai mawili yanayotembea pamoja. Hata madaktari wa zamani waliwalaza wagonjwa wiki nzima na zaidi. Emil Ries, daktari wa Chicago, aliupinga utaratibu huo mwaka 1899, ikachukua miongo mingi kusikilizwa. Leo kumnyanyua mgonjwa mapema, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza, ni utaratibu unaofundishwa. Mshono wa tumbo una tabaka kadhaa na haufumuki kwa hatua za polepole kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kuna namna ya kunyanyuka. Meza dawa ya maumivu mapema, kama nusu saa hadi saa nzima kabla. Geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono, kaa kidogo kizunguzungu kiishe, kisha simama ukiwa na mtu pembeni. Ukitaka kukohoa, kunja kitenge mara kadhaa, ukikumbatie juu ya mshono. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara kumi.

Kuhusu chakula, mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya mgongo, bila matatizo, huweza kuanza kunywa saa chache baadaye na kula tumbo linapokubali. Kumshindisha na njaa huku ananyonyesha hakuna faida. Wapo wa kusubiri: aliyekatwa au kushonwa utumbo, anayetapika, ambaye tumbo limejaa na kukaza. Hao wafuate agizo la aliyewapasua. Wengine Ufipa haijawanyima kitu: uji wa ulezi, maharage, mayai, dagaa na migebuka ya Tanganyika. Anayemkataza mgonjwa mayai na samaki "kidonda kisioze" anakinyima kidonda protini ya kujengea nyama mpya.

Dai la 6: "Baridi ya Sumbawanga itaingia kwenye kidonda."

Hapa wazee wana nusu ya ukweli, tena nusu ya maana. Mji uko kwenye mita zipatazo 1,800, na usiku wa Juni na Julai hauna utani. Mwaka 1996 Andrea Kurz, Daniel Sessler na wenzao walitoa utafiti wa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana. Walioachwa wapoe wakati wa upasuaji, asilimia 19 walipata maambukizi ya kidonda. Waliotunzwa joto lao, asilimia 6. Mwili ukipoa, mishipa ya ngozi hujibana na kidonda hupata damu na oksijeni kidogo. Kwa hiyo soksi, kofia na blanketi la pili si kudekeza mgonjwa. Ndugu, vileteni kabla ya upasuaji, mgonjwa aingie akiwa na joto.

Kosa liko kwenye dawa inayofuata: jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyonuka, nayo imeua watu wazima wenye afya wakiwa usingizini. Moshi wa kuni nao huchokoza kikohozi, na kila kikohozi huvuta mshono. Ota moto nje au jikoni penye hewa, kisha ingia ulale chini ya mablanketi.

Dai la 7: "Mkande kwa maji ya moto, umfunge tumbo, unyunyize unga wa rangi mbili."

Kumkanda mzazi ni mila ya huruma, na mwili wa aliyejifungua hufurahia maji ya uvuguvugu mgongoni na miguuni. Tumbo lililopasuliwa ni habari nyingine. Ngozi kuzunguka mshono huwa na ganzi wiki kadhaa, kwa hiyo mama huungua bila kujua. Malengelenge huonekana baadaye, na kidonda kimoja kinakuwa viwili. Kukandamiza nako kunaweza kuufungua mshono. Mama mkwe anaweza kuitunza mila kwa kukanda mgongo na kuliacha tumbo.

Kufunga tumbo kwa khanga hakustahili kulaaniwa. Kitambaa safi kilichofungwa kwa kiasi huwapa baadhi ya akina mama nafuu wanapotembea. Kinachokatazwa ni kukaza mpaka pumzi inakuwa fupi, au kuvaa khanga iliyolowa jasho juu ya mshono siku nzima.

Unga wa kidonge hauna utetezi. Kidonge cha rangi mbili ni antibayotiki iliyopimwa kumezwa. Ukikifungua na kumwaga unga kidondani, unaweka kitu kisicho safi, kipimo kisichojulikana, na ukoko unaoficha usaha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataa hata antibayotiki za kinga kuendelezwa baada ya upasuaji kumalizika, kama hakuna maambukizi. Kidonda safi kinataka kuachwa safi na kikavu. Kinachotoa usaha kinataka kuonwa na mtaalamu.

Dai la 8: "Ukiruhusiwa, umeshapona."

Kuruhusiwa maana yake ni kwamba kazi iliyobaki inaweza kufanyikia nyumbani. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia wagonjwa 11,422 katika nchi 25. Theluthi moja walikuwa akina mama waliopasuliwa kujifungua. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji, na maambukizi ndiyo yaliyoongoza. Vifo vilikuwa 239, na 225 kati yake vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Hatari haikuishia mezani kwa daktari. Ilikuwa ikimsubiri mgonjwa baadaye, pale ambapo hakuna anayemtazama.

Ramani yetu inaongeza uzito. Anayerudi Muze au Mtowisa anashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa mpaka bondeni. Anayerudi Kirando au Kasanga ana safari ndefu hadi ziwani. Mwenye mshono mpya asipande bodaboda kama kuna gari, ameze dawa kabla ya kuondoka, na akifika asipokewe na ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Baada ya upasuaji wa tumbo, ushauri wa kawaida ni wiki sita hivi bila mizigo mizito, na hiyo ni pamoja na jembe, kuni na gunia la mahindi, hata kama mvua za Novemba zimeshaanza. Baba mwenye nyumba ataweza kuchota maji. Hakuna mila iliyowahi kuvunjika kwa hilo.

Rudi kwenye kituo cha afya, bila kusubiri tarehe ya kliniki, ukiona lolote kati ya haya: homa, usaha au harufu mbaya, wekundu unaopanuka, mshono kufunguka, damu nyingi ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata, kutapika mfululizo na tumbo kujaa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu kwa aliyejifungua. Na hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: maumivu yaliyokuwa yakishuka, yakageuka na kupanda. Hapo yanataka uchunguzi haraka, na kuongeza vidonge nyumbani kutachelewesha.

Ndugu mnaouguza, nafasi yenu hakuna muuguzi atakayeijaza. Ninyi ndio mtakaokuwa na mgonjwa usiku wa manane. Basi kabla hamjaondoka wodini, ulizeni mambo manne na myaandike: dawa gani, saa ngapi, lini aanze kazi, na dalili zipi zimrudishe. Mgonjwa akisema anaumwa, msimwambie ajikaze. Mpeni dawa yake kwa saa yake, mumnyanyue, mumtembeze.